NATI IKIGOMA, TUSIMKATE DEREVA MSHAHARA



Karatasi hii ni ndefu kidogo. Naomba usimame hapa ukutani usome mpaka mwisho, na asiyeona vizuri asomewe na mwenzake. Jumamosi ijayo tuna mkutano wa wanachama wote, na katika ajenda kuna jambo moja lililoninyima usingizi: dereva wetu akatwe mshahara kwa kuvunja boliti tatu za gurudumu la gari la chama.

Mimi napinga. Najua wengine wameshaanza kusema kilabuni kwamba namtetea kwa kuwa ni jirani yangu. Waseme. Ninachosema mimi ni kwamba zile boliti zilianza kuvunjika siku nyingi kabla ya siku ile, na waliozivunja ni sisi wote. Nikiwemo mimi ninayeandika.

Kwa wale ambao hawakuwepo, mambo yalikuwa hivi. Land Rover yetu iliondoka saa tisa usiku imebeba magunia ya vitunguu saumu, ikielekea Babati, ambako mnunuzi alisema atangoja mpaka saa nne asubuhi na si zaidi. Ilipofika kwenye mteremko wa kushukia Dareda, tairi la nyuma la kushoto likatoka upepo. Utingo akaruka, akaweka mawe. Dereva akatoa jeki na spana. Gurudumu lina nati tano. Mbili zikafunguka kwa shida. Tatu zikagoma kabisa.

Walihangaika mpaka kukapambazuka. Mwishowe dereva akachukua kipande cha bomba la maji, akakichomeka kwenye mpini wa spana na kusimama juu yake. Boliti ya kwanza ikalia tii, ikakatika. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Gurudumu likatoka, ndiyo, lakini utafungaje tairi la akiba kwa boliti mbili na mbele yako ni mteremko wa Dareda? Wakakaa mpaka saa saba mchana alipopatikana fundi wa kung'oa vile vipande na kuweka boliti nyingine. Mnunuzi alikuwa ameshaondoka. Vitunguu tuliviuza siku mbili baadaye kwa bei ya kuhurumiwa.

Hasara ipo, sikatai. Jasho la akina mama waliochimba na kusuka vile vitunguu limepotea. Lakini hasira isitufanye tumkamate mtu wa karibu tu kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameshika spana.

Hebu kwanza tuelewane kutu ni nini. Chuma kikikutana na maji na hewa kwa pamoja, kinageuka kidogo kidogo kuwa ule unga mwekundu. Na unga ule unachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Chukua chungu, ukijaze maharage makavu mpaka juu, ukifunike na kukifunga barabara, kisha uingize maji. Kesho yake maharage yamevimba, chungu kinataka kupasuka. Ndivyo inavyokuwa kati ya nati na boliti. Pale kwenye meno yao nafasi ni ndogo kuliko unene wa ukucha, na kutu ikivimba mle inazibana hizo mbili mpaka zinakuwa kama chuma kimoja. Ukiongeza chumvi ndiyo umeikaribisha kutu mezani, kwa sababu maji ya chumvi yanakula chuma haraka kuliko maji matupu.

Sasa jamani, tujiulize. Gari letu limepata wapi chumvi?

Kiangazi cha mwaka jana tuliteremka Balangida kuchukua chumvi. Ziwa lile likikauka, ukoko mweupe unabaki pale chini ya Mlima Hanang, na watu wa pande zote wanakuja kukusanya. Tulikwenda safari tatu. Safari moja msimamizi wa mzigo nilikuwa mimi. Tulirudi usiku tumechoka, matope meupe yamejaa kwenye magurudumu, nami nikasema, "Acheni, tutaliosha kesho." Kesho yake likapangiwa kazi ya samadi, na kesho kutwa likaenda mnadani. Hakuna aliyeliosha chini. Kwa hiyo Jumamosi mkitaka kukata mshahara wa mtu, naomba muanze na fungu langu la vitunguu.

Rudini nyuma zaidi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Gendabi na Katesh. Ndugu zetu zaidi ya 80 walifariki, na nyumba na mali vikafukiwa. Chama chetu kilipeleka mahindi, maharage na mablanketi, na dereva huyuhuyu ndiye aliyekuwa usukani siku zote zile, akipita kwenye tope mpaka kwenye ekseli. Alipofika nyumbani alilala. Je, kuna mjumbe yeyote wa kamati aliyeinama kutazama lile tope lililokauka nyuma ya magurudumu? Tope likikaa pale linashika unyevunyevu kama sponji, na kila mvua linalowa upya. Tulilisifu gari hadharani kwa kazi nzuri, kisha tukaliacha lioze.

Ongeza na samadi. Ongeza na mbolea za dukani, maana nazo ni chumvi za aina yake, na mfuko ukipasuka mle ndani unga wake unateremka mpaka kwenye chesi. Ongeza na hili: mara ya mwisho tairi zilipozibwa, fundi wa tairi alizikaza nati kwa bomba refu, nasi tukasimama pembeni tukimsifu kwamba ana nguvu. Nati iliyokazwa kupita kiasi imeshaivuta boliti yake kama kamba iliyovutwa mpaka nyuzi zinalia. Kutu ikiingia juu ya hayo, siku ya kufungua ndiyo siku ya kukatika.

Wengine wanasema dereva alizungusha upande usio wake. Si kweli. Kuna malori mengi ya zamani ambayo nati za magurudumu ya kushoto hufunguka kinyume, na aliyezoea malori yale anaweza kudhani magari yote yako hivyo. Kwenye gari letu nati zote tano hufunguka kwa kuzungusha kushoto, na dereva alizungusha kushoto.

Lakini nami nisiwe mtetezi wa kila kitu. Kosa lake lipo, na nimemwambia usoni. Kosa ni lile bomba. Ukiurefusha mpini mara mbili, nguvu ya kukunja inakuwa mara mbili. Ukiongeza na uzito wa mtu mzima anayesimama juu yake, hapo chuma hakina la kujibu. Boliti ya kwanza ilipokatika alipaswa kuacha na kubadili njia. Yeye akaenda ya pili, halafu ya tatu. Alijibu kwamba alikuwa anaitazama saa na kumfikiria mnunuzi. Mimi nilikuwa utingo miaka mingi, namwelewa. Haraka ile tulimpa sisi.

Basi ili siku nyingine dereva, utingo au kijana mwenye pikipiki asirudie yale, naandika hapa namna ya kuishughulikia nati iliyogoma, kama nilivyofundishwa kwa kupigwa makofi gereji na kama nilivyojifunza baadaye kwa hasara zangu mwenyewe.

Kwanza, usiivamie. Chukua brashi ya waya, usugue meno ya boliti yanayoonekana nje ya nati mpaka yang'ae. Kutu ile ya nje ndiyo kabari: nati ikianza kutoka inakutana nayo na kukwama tena.

Pili, ipe mafuta na uipe muda. Mafuta maalumu ya kupenya kutu yanauzwa kwenye maduka ya spea. Ukikosa, hata dizeli au mafuta ya taa yanasaidia, ila yanataka subira. Paka jioni, rudia usiku, fungua asubuhi. Wengi wanapaka na kushika spana hapohapo, kisha wanasema mafuta hayafai. Na uangalie yasimwagikie breki.

Tatu, tafuta spana yake hasa. Hapa ndipo nati nyingi zinapoharibika. Magari ya zamani yana nati za inchi, ya siku hizi yana za milimita. Spana ya milimita 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini inacheza, kwa sababu nusu inchi ni milimita 12.7. Kwa nati laini huoni tofauti. Kwa nati iliyogoma, ile nafasi ndogo inatosha kuzila pembe zake zote, na ukishapata nati ya duara umejiongezea kazi ya siku nzima. Tumia spana ya ringi au ya boksi yenye pande sita, inayoshika nati kuizunguka. Ile spana ya kurekebisha iache nyumbani, kazi hii siyo yake.

Nne, igonge. Weka kipande cha chuma juu ya nati, piga kwa nyundo mapigo mafupi makavu, uizunguke pande zote. Mtikisiko unapasua kutu na kufungua njia ya mafuta. Usipige meno ya boliti, utayaponda.

Tano, anza kwa kukaza. Wengi watacheka, lakini ndivyo ilivyo. Ikaze kidogo sana, kiasi cha kuivunja ile kutu iliyoganda, halafu fungua. Ikisogea robo mzunguko, irudishe. Ongeza mafuta. Nenda tena mbele, rudi tena nyuma. Ukihisi spana inakwenda laini kama ugali unaoiva bila nati kuzunguka, acha mara moja! Hapo boliti yenyewe inajikunja, na hatua inayofuata ni kukatika.

Sita, moto. Chuma kikipashwa moto kinatanuka, kwa hiyo ukiipasha nati peke yake inalegea kwenye boliti. Lakini moto una masharti. Usiwashe karibu na tangi la mafuta, wala karibu na mipira ya breki. Na gurudumu lenye tairi lililojaa upepo usilipashe moto hata kidogo, maana tairi likipata joto kali linaweza kulipuka na kuua. Ukishapaka mafuta, futa kabisa kabla ya kuleta moto. Kazi hii ni ya gereji, mchana, na mtu anayejua. Kule mteremkoni usiku wa manane haifai.

Saba, kama hakuna budi kuharibu, chagua cha kuharibu. Pasua nati kwa tindo kali, uiokoe boliti. Nati ni kitu cha kununua dukani na kurudi nacho mfukoni. Boliti iliyokatika ndani ya hab ni kazi ya kutoboa na kung'oa, na ndiyo iliyotulaza Dareda.

Hayo ni ya siku ya shida. Lakini hata fundi hodari, siku ya shida inakuwa imeshampita. Dawa ya kweli inatiwa siku ya kufunga, wakati hakuna anayelia. Sugua meno kabla ya kufunga. Boliti za chesi, za springi, za tela na za jembe la trekta zipake grisi. Za magurudumu zina adabu yake: fuata kitabu cha gari, na pale nati inapokalia rimu pawe pakavu na pasafi, maana grisi pale inaweza kuifanya ilegee njiani. Kaza kwa kupishana kama unavyofunga mzigo, mkono huu na huu, usizunguke duara. Tumia mpini wake bila bomba. Ukishatembea kilomita 50 hivi, simama uzikaze tena.

Na ninyi wenye Land Rover kuukuu, kumbukeni kwamba bodi yake ni ya alumini na boliti zake ni za chuma. Vyuma hivi viwili vikigusana penye maji ya chumvi vinalana. Ule unga mweupe unaouona kuzunguka boliti za bodi ndio ushahidi wake.

Wazee wetu waliofanya kazi kule Basotu, kwenye mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada miaka ya 1970 na 1980, wanasimulia kwamba mashine haikuingia shambani asubuhi kabla haijapakwa grisi kila mahali panapotakiwa. Palikuwa na mtu wa kazi hiyo, na hakuna aliyemdharau. Mashamba yale yalileta manung'uniko yake, hasa kuhusu ardhi ya wafugaji, na NAFCO yenyewe haipo tena. Lakini ile tabia ya kopo la grisi kila asubuhi ilikuwa nzuri, nasi tumeiacha. Leo tuna gari moja tu na tela moja, na vinatushinda!

Ndugu zangu, mali ya mtu binafsi huoshwa. Angalieni vijana wetu wa bodaboda: jioni utawakuta mtoni wanasugua pikipiki mpaka spoku, kwa sababu wanajua kesho ikigoma atakayelala njaa ni yeye. Gari la chama ni la wote, kwa hiyo halina wa kuliosha. Anayelikodi analirudisha na samadi yake. Kamati inalipangia safari tu. Dereva analiendesha, maana hajapewa hata brashi. Likivunjika ndipo tunakumbuka kwamba lina mwenyewe, na mwenyewe huyo anageuka kuwa dereva, tena siku ya kulipa.

Tukimkata mshahara tutapata nini? Tutapata fedha kidogo za boliti tatu. Na tutapata dereva ambaye siku nyingine nati ikigoma atanyamaza. Ataziacha zilivyo, aombe Mungu tairi lisitoboke. Atafunga breki bila kuzifungua kuzitazama, kwa sababu anaogopa kuvunja kitu. Siku gari linashuka Dareda na watu nyuma, breki hazijatazamwa kwa woga wa kukatwa mshahara, hasara yake itahesabiwa kwa magunia ya vitunguu kweli?

Kwa hiyo Jumamosi napendekeza yafuatayo, na nitanyoosha mkono kuyasema:

1. Dereva asikatwe mshahara. Aonywe kuhusu bomba, nalo bomba lile litolewe garini.

2. Chama kinunue kopo la grisi, mafuta ya kupenya kutu, brashi mbili za waya, nyundo, tindo na spana za kipimo cha gari letu. Vikae kwenye sanduku ndani ya gari, si stoo kwa mtunza stoo mwenye ufunguo.

3. Atakayelikodi gari kwa chumvi, samadi, mbolea au kupita kwenye tope alirudishe limeoshwa chini, hasa nyuma ya magurudumu. Asipoosha, atozwe. Hapo kwenye kutoza nakubali.

4. Kabla ya mvua za vuli na kabla ya masika, siku moja iwe ya gari. Nati za magurudumu zote zifunguliwe moja moja, zisuguliwe, zifungwe. Tairi la akiba literemshwe lilipofungwa, maana nalo linashikwa na kutu. Jeki ijaribiwe. Tela lifanyiwe vivyo hivyo.

5. Liwepo daftari. Aandikwe aliyefunga, aliyeosha na tarehe. Dereva akiandika kwamba nati fulani inaanza kugoma, kamati ijibu ndani ya wiki moja. Kamati isipojibu, ikivunjika ni deni la kamati.

Zamu ya kwanza ya kuosha naichukua mimi. Deni langu la Balangida nalijua.

Anayepinga aje mkutanini tubishane kwa hoja, au aandike karatasi yake aibandike hapa pembeni. Ila tafadhali usiichane hii.

Wenu katika ushirika,
Mwanachama mwenzenu, utingo wa zamani